Siri ya rodiamu: Kwa nini pete ya dhahabu nyeupe hugeuka manjano

CHANDA chema huvikwa pete, wahenga walinena. Hata hivyo, hawakueleza mwenye chanda afanye nini pindi pete iliyometameta kama mbalamwezi siku ya harusi inapoanza kuingia umanjano kabla hata mtoto wa kwanza hajajifunza kutembea.

Katika mtaa kama Kibomet, viungani mwa mji wa Kitale, Kaunti ya Trans Nzoia, pete ya ndoa si siri ya mume na mke pekee. Harusi huwakutanisha jamaa kutoka Bungoma, Kapenguria, Eldoret na kwingineko, na kila jicho hutazama kidole cha bibi harusi. Pete inapofifia, minong'ono huanza. Mume hudhaniwa kwamba alinunua bidhaa ya bei ya chini na kuiita dhahabu. Sonara huitwa tapeli. Wapo pia wanaoamua kuiuza pete kwa bei ya kutupa wakiamini kwamba walichonacho ni shaba.

Mara nyingi ukweli ni tofauti kabisa. Pete hiyo yaweza kuwa dhahabu halisi, ya thamani ile ile iliyoandikwa kwenye stakabadhi. Kilichotoweka ni utando mwembamba mno wa metali iitwayo rodiamu, ambao karibu kila pete ya dhahabu nyeupe hupakwa kabla ya kuwekwa kwenye kabati la kioo dukani. Asiyefahamu jambo hili yuko katika hatari ya kupoteza mali yake, au kumvunjia heshima mtu asiye na hatia.

DHAHABU NYEUPE HAICHIMBWI

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba hakuna mgodi wa dhahabu nyeupe popote duniani. Wakazi wa magharibi mwa Kenya wanalijua hili vyema kuliko wengi. Dhahabu iliyowavutia wachimbaji Kakamega mwanzoni mwa miaka ya 1930, na ile ambayo wenyeji wa Pokot Magharibi huichekecha kutoka mchanga wa mito yao, yote ni ya manjano. Ndivyo maumbile yalivyoiumba.

Dhahabu safi, ambayo masonara huiita ya karati 24, ni laini kupindukia. Pete iliyotengenezwa kwa dhahabu hiyo pekee hupinda na kukwaruzika upesi. Kwa sababu hiyo, sonara huichanganya na metali nyingine. Pete ya karati 18 ina dhahabu asilimia 75. Ile ya karati 14 ina asilimia 58.5, na ya karati 9 ina asilimia 37.5. Sehemu inayosalia ndiyo huamua rangi. Shaba nyekundu ikizidi, dhahabu huelekea wekundu. Nikeli au paladiamu ikitiwa, umanjano hufifia na mchanganyiko hukaribia weupe.

Neno muhimu hapo ni "hukaribia". Dhahabu ni metali yenye rangi ya nguvu, na hata ikichanganywa kwa ustadi, aghalabu hubakia na kivuli cha manjano au kijivu. Kwa macho ya mnunuzi anayetaka weupe wa theluji ya kilele cha Mlima Kenya, rangi hiyo haitoshi. Hapo ndipo rodiamu huingia.

Historia nayo ina mchango wake. Mwanzoni mwa karne ya 20, matajiri wa Ulaya na Marekani walipenda mno vito vya platinamu, metali nyeupe kiasili lakini yenye bei ghali. Dhahabu nyeupe ilibuniwa iwe mbadala wake. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya Marekani ilipiga marufuku matumizi ya platinamu katika vito ili itumike kwa shughuli za kijeshi, na dhahabu nyeupe ikazidi kushika soko. Mtindo huo ulienea hadi Afrika Mashariki, ambako hapo awali bibi harusi alijua dhahabu ya manjano na fedha pekee.

RODIAMU NI NINI?

Rodiamu ni metali nyeupe ya jamii ya platinamu. Iligunduliwa jijini London na mwanasayansi Mwingereza, William Hyde Wollaston, ambaye alitangaza ugunduzi wake mwaka wa 1804 baada ya kuchunguza mawe ya platinamu kutoka Amerika Kusini. Aliita metali hiyo kwa neno la Kigiriki lenye maana ya waridi, kwa kuwa chumvi zake zina rangi ya waridi. Hiyo ndiyo ajabu yake: metali yenyewe ni nyeupe kama kioo, ilhali jina lake ni la ua jekundu.

Sifa zake tatu ndizo huwavutia masonara. Kwanza, humulika mwanga vizuri na hivyo hung'aa sana. Pili, haishiki kutu wala haichujuki rangi inapokutana na hewa, jasho au asidi za kawaida. Tatu, inapopakwa juu ya kito huwa ngumu mara kadhaa kuliko dhahabu iliyo chini yake, kwa hivyo hustahimili mikwaruzo midogo.

Dosari yake ni uadimu. Duniani kote huchimbwa rodiamu tani zipatazo 20 hivi kwa mwaka, ilhali dhahabu huchimbwa zaidi ya tani 3,000. Asilimia 80 hivi ya rodiamu hiyo hutoka Afrika Kusini. Tena haichimbwi peke yake, bali hupatikana kama mabaki ya thamani wakati wa kusafisha platinamu na nikeli. Bei yake ikipanda, wenye migodi hawawezi kuamua tu kuchimba zaidi.

Ndiyo maana bei hiyo huruka kama swara. Katikati ya mwaka wa 2008, aunsi moja ya rodiamu ilizidi dola 10,000 za Marekani, kisha kabla ya mwaka kwisha ikaporomoka hadi takriban dola 1,000. Mnamo Machi 2021, ilikaribia dola 30,000, mara nyingi zaidi ya bei ya dhahabu wakati huo. Kufikia mwishoni mwa mwaka wa 2023, ilikuwa imeshuka tena chini ya dola 5,000.

Mapambo si chanzo cha misukosuko hiyo. Sehemu kubwa mno ya rodiamu hutumiwa katika kifaa kinachofungwa kwenye bomba la moshi la magari ili kupunguza gesi zenye sumu. Gari dogo la petroli lenye kifaa hicho, likipita kwenye barabara ya Kitale kuelekea Kapenguria, laweza kubeba rodiamu nyingi mara kadhaa kuliko pete zote zilizovishwa vidoleni katika harusi moja.

UTANDO MWEMBAMBA KULIKO UNYWELE

Swali linaloibuka ni hili: ikiwa rodiamu ni ghali hivyo, inakuwaje pete ipakwe na bado iuzwe kwa bei ambayo mwalimu au mkulima wa mahindi anaweza kuimudu?

Jibu liko katika wembamba wa utando huo. Vito vingi hupakwa rodiamu ya unene wa kati ya sehemu 0.1 na 0.5 ya mikroni, na pete zinazotengenezwa kwa uangalifu zaidi hufikia kati ya mikroni 0.75 na 1. Mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa binadamu una unene wa mikroni 70 hivi. Kwa maneno mengine, utando wa nusu mikroni ni mwembamba mara 140 kuliko unywele.

Pete ya kawaida ya harusi yenye upana wa milimita 4 ina eneo la sentimita 6 hivi za mraba, ndani na nje. Kuipaka yote kwa unene wa nusu mikroni huhitaji takriban miligramu 4 tu za rodiamu. Hata bei ilipokuwa juu kabisa mwaka wa 2021, kiasi hicho kilikuwa na thamani ya dola nne hivi. Kwa hivyo, mteja anapotozwa fedha za kupaka pete upya, sehemu kubwa ya malipo ni ya kazi, mtambo na maji ya kupakia, wala si ya rodiamu iliyobaki kwenye kidole chake.

Mtu aweza kuuliza mbona fundi asipake utando mnene ili udumu milele. Rodiamu hujikaza inapopakwa. Ikizidi unene fulani, hupasuka vijipande kama udongo uliokauka kiangazi, kisha hubanduka.

JINSI KAZI INAVYOFANYWA

Kupaka rodiamu si kuchovya tu kwenye chombo na kutoa. Kazi hii hutumia umeme, na matayarisho huchukua muda mrefu kuliko upakaji wenyewe.

Kwanza, fundi huisugua pete na kuing'arisha hadi mikwaruzo itoweke. Rodiamu haifichi kasoro. Huifuata kila alama na kuionyesha wazi zaidi. Pili, pete huoshwa kwa mtambo wa mawimbi ya sauti ambao hutoa mafuta na uchafu kwenye pembe zisizofikiwa na burashi. Kisha husafishwa tena ndani ya maji yenye dawa na umeme, ikasuuzwa kwa maji yaliyotoneshwa, ikachovywa kwenye asidi hafifu na kusuuzwa mara nyingine. Alama ya kidole pekee yatosha kuharibu kazi nzima.

Baada ya hapo, pete hufungwa kwenye waya uliounganishwa na upande hasi wa umeme na kuzamishwa ndani ya maji yenye chumvi ya rodiamu na asidi ya salfuriki. Upande chanya huunganishwa na bamba la titani lililopakwa platinamu. Umeme wa volti mbili au tatu hivi hupitishwa. Chembechembe za rodiamu zilizomo ndani ya maji huvutwa na kujishikiza juu ya pete. Kwa sekunde 30 hadi dakika chache, kazi huwa imekamilika.

Si kila kito kinachofaa kuingizwa humo. Lulu, kwa mfano, huharibiwa na asidi. Vito vingine laini au vyenye vinyweleo, kama feruzi, pia havistahili hatari hiyo. Almasi na yakuti samawi huvumilia. Sonara mwangalifu humuuliza mteja jiwe ni la aina gani kabla ya kuupokea mzigo.

Aidha, maji hayo ya kupakia yana asidi kali. Karakana inayofanya kazi hii bila madirisha ya kupitisha hewa, au inayomwaga mabaki yake kwenye mtaro, huhatarisha mapafu ya mafundi na maji ya majirani.

JEMBE, JIVU NA DAWA YA KUFULIA

Kwa mvaaji wa kawaida, utando wa rodiamu kwenye pete hudumu mwaka mmoja hadi mitatu. Muda huo hutegemea mno shughuli za mikono.

Katika kaunti inayosifika kama ghala la mahindi nchini, mikono haipumziki. Mpini wa jembe, mchanga na jivu la kusugulia sufuria, waya wa kusafishia vyombo, na kokoto zilizoko shambani, vyote ni tupa zinazokwangua pete kidogo kidogo. Ndiyo sababu umanjano huanza kuonekana upande wa chini wa pete, ule unaoelekea kiganjani, kabla ya kuenea kwingine.

Dawa zenye klorini za kung'arishia nguo nyeupe nazo ni adui wa kipekee. Haziiathiri sana rodiamu yenyewe, lakini utando ukishatoboka, klorini huishambulia dhahabu nyeupe iliyochanganywa na nikeli na kuifanya ipasuke ndani kwa ndani. Sehemu zinazoshikilia jiwe ni nyembamba, na zikikatika, jiwe hudondoka bila mwenyewe kutambua.

Hereni na mikufu, ambayo haisuguani na chochote isipokuwa ngozi na nguo, hudumu miaka mingi bila kuhitaji kupakwa upya.

Vito vya fedha pia hupakwa rodiamu, ingawa kwa sababu nyingine. Fedha yenye alama ya 925 ni nyeupe tayari, lakini hushika weusi inapokutana na gesi za salfa zilizomo hewani. Rodiamu huizuia gesi hiyo. Mwenye mkufu wa namna hiyo hapaswi kuusugua kwa dawa ya kung'arishia fedha, kwa kuwa atakuwa anaondoa kile kile kinachoulinda.

HALISI AU GHUSHI?

Mtu atajuaje basi kama pete iliyogeuka rangi ni dhahabu au ni shaba iliyofunikwa?

Rangi yenyewe hutoa fununu. Dhahabu nyeupe iliyopoteza rodiamu huonyesha umanjano hafifu au ukijivu wa vuguvugu, na rangi hiyo haibadiliki zaidi. Shaba iliyofichwa huonyesha wekundu au manjano makali, huchujuka haraka na mara nyingi huacha alama ya kijani kwenye ngozi.

Alama iliyopigwa ndani ya pete ni fununu ya pili. Nambari 750 humaanisha karati 18, 585 karati 14, na 375 karati 9. Herufi GP huashiria kwamba kito kimechovywa dhahabu juu tu. Hata hivyo, yeyote mwenye nyundo na muhuri aweza kupiga alama, kwa hivyo nambari pekee si ushahidi wa kutosha.

Kipimo cha asidi kina mtego wake. Rodiamu haiyeyuki kwa asidi ambazo masonara hutumia. Fundi akidondosha asidi juu ya utando, anachopima ni rodiamu na wala si dhahabu. Sharti akwangue mahali palipofichika, ndani ya pete, ndipo apate jibu la kweli.

Kuna njia nyingine isiyoharibu kitu, ambayo yeyote aliyesoma sayansi ya shule ya upili ataikumbuka. Pete isiyo na jiwe hupimwa kwenye mizani nyeti. Kisha kikombe cha maji huwekwa juu ya mizani na kipimo kurudishwa kwenye sufuri. Pete huning'inizwa kwa uzi hadi izame yote bila kugusa chini, na kipimo kipya husomwa. Uzito wa kwanza hugawanywa kwa wa pili. Pete ya gramu 6 ikitoa kipimo cha pili cha gramu 0.4, jibu ni 15, ambalo hukaribiana na dhahabu nyeupe ya karati 18. Kipimo cha pili kikiwa 0.7, jibu ni takriban 8.6, na hiyo ni dalili ya shaba. Fedha hutoa kama 10.3.

NIKELI NA AFYA YA NGOZI

Kuna suala lingine zito kuliko rangi. Nikeli huwasababishia baadhi ya watu mwasho, vipele na ngozi kupasuka. Pete inapokuwa mpya, rodiamu huwa ukuta baina ya nikeli na ngozi. Utando ukiisha, ukuta huanguka. Mvaaji ambaye hakuwa na tatizo lolote kwa miaka miwili huanza kujikuna, na huenda akadhani ni sabuni au hata hasidi.

Umoja wa Ulaya uliweka mipaka ya matumizi ya nikeli katika vitu vinavyogusa ngozi kupitia mwongozo uliopitishwa mwaka wa 1994. Tangu hapo, watengenezaji wengi waligeukia paladiamu, ingawa nikeli bado hutumiwa kwa kuwa ni nafuu. Aliye na historia ya mwasho kutokana na hereni za bei rahisi au kifungo cha mshipi anafaa kuuliza wazi kama pete anayoinunua ina nikeli. Akishapata vipele, kupaka pete upya ni nafuu ya muda tu.

BANDU BANDU HUISHA GOGO

Kupaka upya hurejesha mng'ao wa awali, lakini hakufai kufanywa kila mwezi. Kila mara fundi anapoisugua pete kabla ya kuipaka, huondoa pia dhahabu kidogo. Bandu bandu huisha gogo. Pete nyembamba ikisuguliwa mara nyingi kupita kiasi hudhoofika. Aidha, si kila sonara aliye na mtambo wa rodiamu, na huenda pete ikatumwa mji mwingine. Katika hali hiyo, mwenye pete anafaa kudai stakabadhi yenye uzito wake kabla haijaondoka mkononi mwake, na kuipima tena inaporejea.

Wapo wanaochagua kuiacha pete ibaki na rangi yake ya asili. Hilo si kosa. Thamani ya dhahabu haipungui kwa sababu rodiamu imetoweka, na anayenunua dhahabu kuukuu hupima uzito na karati, wala hapimi mng'ao.

KABLA YA KULIPA

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 humpa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na haki ya kupewa habari anazohitaji ili kunufaika nazo. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji Bidhaa ya 2012 iliongezea uzito haki hizo. Kwa mantiki hiyo, sonara anayeuza dhahabu nyeupe bila kutaja kwamba imepakwa rodiamu, na kwamba rodiamu hiyo itaisha, amemnyima mteja jambo la msingi, hata kama dhahabu yenyewe ni safi.

Maswali manne yanatosha kabla ya fedha kubadilisha mikono. Pete ni ya karati ngapi, na je, imeandikwa hivyo kwenye stakabadhi pamoja na uzito wake? Imechanganywa na nikeli au paladiamu? Imepakwa rodiamu, na kwa unene gani? Kuipaka upya kutagharimu kiasi gani, na nani ataifanya kazi hiyo?

Sonara mwaminifu hatakereka kuulizwa, kwa kuwa majibu hayo ndiyo yatakayomlinda siku pete itakapobadilika. Naye bwana harusi atakayeyaandika na kuyahifadhi pamoja na cheti cha ndoa atakuwa na la kusema mbele ya wakwe iwapo minong'ono itaanza.